Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maktaba ya Mtaa Wetu, Amu

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya maktaba ya umma ya mtaa wetu,
Kisiwa cha Amu, Lamu.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: MAKTABA IFUNGULIWE SAA AMBAZO WATU WANA NAFASI

Waheshimiwa,

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Barua tulileta, mkazipokea na kuzipiga muhuri. Maafisa wenu tumekaa nao, wakatukaribisha vizuri, wakaandika tuliyoyasema na kutuahidi kwamba jambo linashughulikiwa. Wazazi wamesimama kwenye vikao vya bajeti wakasema yale yale. Hadi leo kufuli ni lile lile na saa ni zile zile. Barua hii haimtaji mtu wala idara. Tunachotaka ni mlango ufunguliwe, si mtu aaibishwe, na nyinyi wenyewe mnajua faili letu limelala kwenye meza ya nani.

Sisi ni wazazi, walimu wa shule na wa vyuo vya Qur'ani, wavuvi na vijana wa mitaa ya Mkomani, Langoni na Gadeni. Mimi niliyeshika kalamu nafundisha shule ya msingi, na niliyoandika hapa wenzangu wameyasikia yakisomwa wakayaridhia.

Jambo lenyewe ni hili. Maktaba huhitaji vitu viwili kabla ya kitu kingine chochote: mlango ulio wazi saa ambayo mtu ana nafasi ya kuingia, na ndani awepo mtu anayejua kitabu gani kitamfaa huyo aliyeingia. Vikiwepo viwili hivyo, chumba kimoja chenye rafu chache kinatosha kuugeuza mtaa. Visipokuwepo, hata mkituletea kontena zima la vitabu mtakuwa mmetuletea mzigo wa kuhifadhi. Malalamiko yetu yote yanatoka hapo.

1. Saa za kufungua

Maktaba yetu hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Hebu itazameni siku ya mtoto wa Amu. Asubuhi yuko shule, na hatoki kabla ya saa tisa au saa kumi. Akifika nyumbani anakula, anabadilisha nguo, anakwenda chuoni kusoma Qur'ani, na akirudi magharibi imeshaingia. Jumamosi asubuhi yuko chuoni tena. Nafasi yake ni usiku baada ya sala, Jumamosi alasiri na Jumapili. Saa hizo zote maktaba imefungwa. Anayefaidika na ratiba hii ni mtu asiye na shule wala kazi, na huyo naye hajawahi kuambiwa kwamba humo ndani mna kitu chake.

Mkitaka kuyaona haya kwa macho yenu, piteni pale baada ya isha. Kwenye daka, yaani baraza la mlangoni, la nyumba inayotazamana na maktaba mtawakuta watoto wamejipanga, kwa sababu duka la pembeni lina taa kali. Msichana wa gredi ya nane ameweka daftari juu ya magoti, simu ya mamake ameiegemeza ukutani, ananakili mchoro wa moyo wa binadamu kabla betri haijaisha. Punda wanapita na mifuko ya saruji, anakunja miguu kuwapisha, kisha anaendelea na mshipa alioufikia. Hatua chache mbele yake kuna meza na viti vya umma, gizani, na mlango umepigwa komeo.

Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, shule zilianza kuwapa watoto kazi za mradi na za utafiti wa kufanya nyumbani. Mimi ni mmoja wa wanaozitoa kazi hizo, kwa sababu mtaala unataka. Lakini nyumbani kwa wengi hakuna kitabu cha ziada, hakuna meza, na chumba chenye taa ndicho hicho chenye runinga, mtoto mchanga na wageni. Mzazi mwenye uwezo anampeleka mwanawe saiba, analipia dakika na kila ukurasa unaochapishwa. Asiye na uwezo anamwambia mwanawe aombe kwa rafiki. Sisi walimu tunaona asubuhi ni nani alikuwa na mahali pa kusomea na ni nani hakuwa napo. Wiki zikipita, tofauti hiyo inageuka kuwa alama, na alama zinageuka kuwa maneno kwamba fulani ana akili na fulani hana.

Mambo ni hayo hayo kwa watu wazima. Mvuvi anakwenda na maji, hana habari na saa za ofisi. Kijana wa hoteli Shela anarudi usiku. Kijana anayejaza fomu za kuomba nafasi ya chuo kikuu au mkopo wa masomo anafanya kila kitu kwa intaneti, na akikosea kisanduku kimoja anaweza kupoteza mwaka mzima. Mtu kama huyo anahitaji kompyuta na mtu mzima wa kuketi naye nusu saa. Hatujui taasisi nyingine ya umma hapa kisiwani inayoweza kumpa vyote viwili bila malipo.

2. Vitabu, na mtu wa kuvijua

Tunawashukuru kwa dhati wote waliowahi kutuletea vitabu. Hata hivyo, rafu zetu zimejaa vitabu ambavyo hakuna aliyeviomba: sheria za kodi za nchi za mbali, kamusi za elimu za zamani, hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji. Vingine bado vimo kwenye maboksi yaliyokuja navyo, na unyevu wa chumvi umeshayalegeza. Vya Kiswahili ni vichache, viko rafu ya karibu na mlango, na vimechanika majalada kwa kusomwa. Anayetaka kujua watu wa hapa wanataka kusoma nini ataanzia kwenye hiyo rafu iliyochanika.

Mzee anayefungua na kufunga ni mtu mwema, anafagia, anawaheshimu watoto, wala hatumlaumu kwa lolote. Hajapewa mafunzo ya ukutubi, na hana ruhusa ya kumwazima mtu kitabu akaondoka nacho. Kwa hiyo hakuna kitabu kinachotoka. Mtoto anaanza hadithi Jumatatu wakati wa likizo, anaiacha katikati, na shule zikifunguliwa hairudii tena.

Tena kuna hazina ambayo maktaba yenye mkutubi ingeifungua. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, yaani maandishi ya kale ya mkono, hapa hapa Langoni, ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini kupotea, ili iweze kusomwa kwa intaneti. Kazi hiyo tunaishukuru. Lakini mtafiti aliyeko London anaweza kuitazama kwa urahisi kuliko mtoto anayepita nje ya msikiti huo kila siku akienda chuoni. Tukipata kompyuta moja na jioni moja kwa wiki, wapo wazee humu mtaani wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa wepesi. Wangeketi na vijana wakawafundisha kuzisoma barua na tungo zilizomo kwenye makasha ya nyumba zao wenyewe. Wazee hao hawatakuwa nasi milele, na tunawaomba mlione jambo hili kuwa la haraka.

3. Karatasi zinazohusu maisha yetu

Hili ndilo lililotuuma zaidi kwenye vikao, kwa sababu kila tulipolitaja lilipitwa kana kwamba halihusiani na maktaba.

Mwaka 2012 wavuvi na wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani kuhusu ujenzi wa bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupewa habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi hizi mbili zilihusu bahari, mikoko na hewa, na ndani yake mlikuwa na swali moja: wananchi walijulishwa nini, lini, na kwa namna gani?

Ripoti ya athari kwa mazingira huwa na mamia ya kurasa za Kiingereza cha wataalamu. Tangazo la kikao cha umma linaweza kutoka gazetini na wengi wetu tusilione. Mtu akienda kikaoni anakabidhiwa karatasi mlangoni, anaombwa maoni baada ya saa moja, na jina lake linaingia kwenye orodha ya walioshirikishwa. Wavuvi waliopigania haki yao hawakushinda kwa sababu karatasi zilikuwa rahisi kupatikana. Walishinda kwa sababu wapo watu wachache waliojitolea miaka kuzitafuta, kuzisoma na kuzieleza kwa lugha ya watu. Kazi hiyo haikupaswa kuwaangukia watu wachache.

Tunaomba rafu moja tu. Hapo iwekwe bajeti ya kaunti na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Iwekwe kila ripoti ya mazingira inayohusu Lamu, matangazo ya ardhi na ramani zake, pamoja na miswada ya sheria iliyo mbele ya Bunge la Kaunti. Ukutani ubandikwe muhtasari wa kila moja kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Haki hizi zikiwa zimeandikwa tu kwenye Katiba, mama wa Wiyoni hawezi kuzitumia. Akiwa na mahali pa kuingia jioni, akasoma kwamba barabara ya mtaa wake imetengewa pesa mwaka huu, atakwenda kikaoni akiwa na swali. Mtaa ambao watu kadhaa wanakuja kikaoni na maswali ya namna hiyo hauongozwi tena kama ulivyoongozwa mwanzo. Nadhani hata nyinyi mngefaidika, kwa kuwa ugomvi mwingi kati yenu na sisi unatokana na uvumi unaojaza nafasi ya habari.

4. Visiwa vingine na bara

Tunalalamika sisi wa Amu, nasi walau tuna mlango wa kuulalamikia. Huko Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiunga hali ni ngumu zaidi, na Pate ni mahali ambapo tendi za Kiswahili zimekuwa zikiandikwa tangu karne ya 18. Majirani zetu wa Garissa walianza kupelekewa vitabu kwa ngamia mwaka 1996 na shirika la kitaifa la huduma za maktaba, kwa sababu wafugaji wanahama. Sisi hatuhitaji ngamia. Boti za abiria za kwenda Faza na Kizingitini zinapakia unga, sukari na magodoro hata sasa. Kasha la vitabu lisiloingiza maji, lenye orodha ndani ya kifuniko, linaweza kupanda boti hizo likakabidhiwa mwalimu mmoja kila kijiji, na kubadilishwa kila muhula. Wakati wa kusi bahari inapochafuka litachelewa, nalo litafika.

5. Wanawake

Mama wengi wametuambia wangependa kuja, wakiwa na saa yao, wakijua kwamba watoto wanaweza kuja nao na hakuna atakayewanyamazisha. Jumamosi alasiri ingewafaa. Muuguzi wa zahanati akialikwa siku hiyo akazungumza nao kuhusu ujauzito au chanjo, wangekuja na dada zao.

Waheshimiwa, majibu yenu tumeshayasikia, kwa hiyo tuyajibu hapa hapa ili yasirudiwe.

Mmesema hakuna pesa za saa za ziada. Hatuombi saa za ziada. Kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa nane. Kutoka saa saba mchana hadi saa tatu usiku ni saa nane vile vile. Sogezeni tu. Asubuhi, wakati shule zimefunguliwa, chumba kile hakina watu, na daftari la wageni lililopo mezani linaonyesha hivyo. Gharama itakayoongezeka ni taa, na paneli ndogo ya sola inaweza kuibeba.

Mmesema maktaba ni ya serikali kuu, halafu huko kwingine tukaambiwa ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kama kuna makabidhiano yaliyobaki, yamalizeni baina yenu. Mtoto aliye dakani asiadhibiwe kwa sababu ya barua ambayo ofisi mbili zinarushiana.

Mmesema watu hawasomi. Hili linatuvunja moyo kuliko yote. Tazameni hivyo vitabu vya Kiswahili vilivyochanika. Nendeni misikitini baada ya magharibi muone darasa zilivyojaa watu waliokaa chini wakisikiliza kitabu kikisomwa na kufafanuliwa. Mji huu una desturi ya kusoma kwa pamoja, na saa zake ni za jioni.

Mmesema kila mtu ana simu. Nyumba nyingi zina simu moja ya kuingia intaneti, inatoka na baba akienda baharini, na bando linaisha katikati ya wiki. Tena simu haimwambii mtoto kwamba alichokisoma si kweli. Mkutubi anaweza kumwambia.

Mmetaja usalama. Eneo letu limepitia mambo mazito na hatulichukulii hili kwa wepesi. Lakini mbele ya bahari watu wamejaa hadi usiku, maduka yako wazi, watoto wako nje. Wakiwa ndani ya chumba chenye taa na mtu mzima watakuwa salama zaidi kuliko walivyo sasa vichochoroni, ambako wapo wauzaji wa dawa za kulevya wanaojua vizuri saa ambazo kijana hana pa kwenda.

Na mmesema mji wa kale ni urithi wa dunia, tangu UNESCO ilipouorodhesha mwaka 2001, kwa hiyo jengo halifai kuguswa. Hatujaomba mtu atoboe ukuta.

Kuhusu pesa, pia kuna mifano ya kushirikiana. Nairobi, serikali ya kaunti ilikubaliana na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017, wakaanza kuzihuisha McMillan, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi ya Kaloleni na Makadara. Jambo la kuiga hapo ni kwamba serikali ilikubali kuandikiana na wananchi. Kwa upande wetu, walimu tumekubali kukaa zamu za jioni kwa kujitolea hadi mkutubi aajiriwe. Fundi wa Matondoni ameahidi kutengeneza makasha ya boti kwa gharama ya mbao. Wanafunzi wa sekondari watapanga vitabu na kuvitenga visivyofaa.

Tunachoomba kwenu ni haya:

Kwanza, saa za kufungua zihamishwe, ziwe saa saba mchana hadi saa tatu usiku, na Jumamosi alasiri iongezwe badala ya alasiri moja ya katikati ya wiki. Mwezi wa Ramadhani ratiba ipangwe pamoja na wazee wa mtaa.

Pili, aajiriwe mkutubi mwenye mafunzo, anayejua Kiswahili cha hapa, na azima ya vitabu ianze. Mzee aliyepo abaki, naye apate mafunzo.

Tatu, rafu ya nyaraka za umma iwekwe, na kila ofisi inayoitisha kikao cha wananchi ipeleke nakala na muhtasari wa Kiswahili maktaba kabla ya kikao, kwa muda unaotosha kusoma.

Nne, iundwe kamati ya maktaba yenye wananchi ndani yake, angalau nusu wakiwa wanawake na vijana. Kamati hiyo ndiyo ichague vitabu vya kununuliwa na isimamie makasha ya visiwani.

Vilevile, kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba mtueleze kwa maandishi ni kiasi gani kilitengewa maktaba hii katika bajeti ya mwaka huu na kimetumikaje. Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu, nasi tumeanza kuzihesabu kuanzia leo, siku barua hii inapotoka.

Jumamosi ya kwanza baada ya siku hizo, tutakutana mbele ya maktaba baada ya sala ya alasiri. Jibu lenu likiwa limefika, litasomwa hapo kwa sauti, kila mtu asikie. Mkipenda kulileta wenyewe mtapewa kiti na nafasi ya kuzungumza. Lisipofika, tutaipeleka barua hii kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia sheria hiyo.

Wabillahi tawfiq.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa shule ya msingi, Langoni,
kwa niaba ya wazazi, walimu, wavuvi na vijana wa mtaa.

Nakala: ubao wa matangazo wa mtaa, walimu wakuu, wazee wa misikiti, vikundi vya wavuvi.